Wavu wa kwenye shina ndio ulionipa jibu

Mvua kubwa ilikuwa imepita kama siku nne hivi, nikapanda tena kwenye ule msitu wa mlimani, na kabla hata pumzi haijarudi nikauona uyoga umekaa chini ya msonobari, umeinua zile sindano zilizokauka kama mtu anayetoa kichwa kwenye shuka. Kofia ya kahawia, upana wa kiganja changu, imevimba vizuri kama mkate uliotoka kuokwa sasa hivi. Nikapiga magoti palepale. Moyo ulinidunda maana Boletus edulis, uyoga wa kuliwa unaosifika sana, nimeutafuta muda mrefu sana, na jina lilishakuja kichwani kabla sijaugusa, na hapo ndipo watu wanapokosea, jina likitangulia macho yanaanza kuona kile yanachotaka.

Nikachimba kidogo kuuzunguka nikautoa mzima mpaka chini, sikuukata juu juu, kwa sababu kitako cha shina nacho kina habari zake. Nikaugeuza. Chini ya kofia hakuna zile pezi nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, kuna sponji. Ukisogeza jicho unaona ni vitundu vidogo vingi, kila kimoja ni mdomo wa mrija mwembamba na spora, zile chembe ndogo za uzazi, zinadondokea humo. Kwa hiyo ni boleti, kundi la uyoga wenye vitundu badala ya pezi, hilo halina ubishi, ila kusema boleti ni kama kusema ndege, bado hujasema kitu.

Nikabonyeza vitundu kwa kidole gumba nikasubiri. Bluu haikuja, palibaki alama ya kahawia tu. Hapa niseme kitu maana huwa kinaniuma sana nikisikia watu wanavyofundishana: eti uyoga ukigeuka bluu ni sumu na usipogeuka ni salama. Sio kweli kabisa. Ile bluu ni asidi fulani za rangi ya njano zilizomo ndani ya nyama yake, ukikata oksijeni inazifikia, vimeng'enya vinafanya kazi na rangi inabadilika ndani ya sekunde chache. Boleti mwingine, Neoboletus luridiformis, unageuka bluu ya giza papo hapo na kuna watu wanaula, ila lazima uive haswa, mbichi unaumiza tumbo. Rubroboletus satanas nao unageuka bluu, na huo unatapisha vibaya sana. Rangi ni ileile, matokeo mbalimbali. Kwa hiyo bluu ni alama moja ya kuandika kwenye daftari basi.

Nikaupiga picha kwa juu nikaipa apu ya simu, ikajibu Boletus edulis bila kusita. Na kwa picha ile siilaumu, kwa juu kofia ni ileile jamani. Ndo maana mtu akinitumia picha ya kofia peke yake namwomba arudi apige chini, apige shina lote, aukate katikati kwa urefu apige tena.

Sasa shina. Lilikuwa nene, limetutumka kuelekea chini, na limevaa wavu, mistari imepishana imeinuka kidogo hata kwa ncha ya kidole unaisikia. Edulis nao una wavu, kwa hiyo mwanzo nilifurahi. Nikatoa kioo cha kukuzia nikatulia. Wavu wa edulis ni mweupe, uko juu ya shina la rangi ya kahawia hafifu, ni laini na mara nyingi unaonekana zaidi karibu na kofia. Huu wangu ulikuwa kinyume, mistari ya kahawia iliyoiva juu ya shina lililopauka, matundu ya wavu makubwa makubwa, yameteremka mpaka kupita nusu ya shina. Nikarudi kwenye vitundu nikaviangalia upya kwenye mwanga. Nilikuwa nimeviita vyeupe, na kwa kweli vilikuwa na wekundu hafifu, kama ndani ya ganda la kombe. Vitundu vya edulis vinaanza vyeupe, vinaenda njano halafu kijani cha zeituni, waridi haimo kwenye safari yake.

Nikaukata katikati. Nyama nyeupe, safi, hakuna hata funza mmoja, na mtu aliyezoea edulis anajua jinsi funza wanavyoupenda.

Usiku nikalaza nusu ya kofia juu ya karatasi nyeupe, vitundu chini, nikafunika na bilauri. Asubuhi nikainua taratibu. Unga wa spora ulikuwa umechora duara, rangi ya waridi iliyofifia kuelekea kahawia. Ya edulis ingekuwa kahawia yenye kijani cha zeituni. Hapo ndo nikaandika jina kwenye daftari: Tylopilus felleus. Alama zote zilikuwa zimeshakubaliana ndipo nikagusisha kipande kidogo kwenye ncha ya ulimi nikatema na kusukutua, kuonja siku zote kwangu kunakuja mwisho na kwa uyoga nisioujua hakuji kabisa. Mchungu, mchungu shubiri, uchungu unaokaa. Felleus inatokana na neno la Kilatini la nyongo, na kupika hakuuondoi, mmoja tu ukiingia sufuriani chakula chote kimeharibika. Hauhesabiwi kati ya uyoga unaoua, ila hauliwi.

Kitu kilichonigusa zaidi ni kwamba aliyeupa edulis jina lake mwaka 1782, Mfaransa Pierre Bulliard, ndiye huyohuyo aliyeuelezea huu mchungu mwaka 1788. Maana yake aliijua yote miwili, akaona tofauti bila simu wala picha.

Chini ya msonobari uleule niliacha mwingine mdogo, kofia yake bado imebana shina, vitundu vyeupe kabisa na wavu ndo kwanza unaanza kujichora. Nimeweka jiwe la alama. Kesho kutwa napanda tena kuangalia kama waridi imeshaingia.