Waziri wa Ulinzi Anavaa Nini?

Aliyeuliza ni msichana wa Darasa la Sita anayekaa dawati la mwisho, dirishani. Ilikuwa Jumatano, tarehe 24 Julai 2024. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mashujaa, na katika kipindi cha Uraia na Maadili nilikuwa nimewaandikia ubaoni: Amiri Jeshi Mkuu, Rais Samia Suluhu Hassan. Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dkt. Stergomena Tax. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, Jenerali Jacob Mkunda. Walishamaliza kunakili na mimi nimeshika dasta, mara akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyo Waziri wa Ulinzi anavaa nini?"

Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba anavaa kiraia, kama mama mwingine yeyote wa ofisini. Hakuridhika. "Sasa wanajeshi wanamtii vipi na hana magwanda?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Hapa Newala hilo si swali la kitabuni. Ukisimama Shimo la Mungu ukungu ukishapanda, unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya vita vya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Wareno, watu walipoogopa kukanyaga njia za mtoni kwa sababu ya mabomu ya kutegwa. Mtoto wa hapa akiuliza nani anawaongoza wanajeshi, anauliza habari za kwao.

Jioni nikaenda kwa Mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, na wangu ana sababu ya pili ya kusikilizwa: alipigana Vita vya Kagera. Nilimkuta barazani anasafisha bomba la kupulizia mikorosho. Asubuhi alikuwa amepuliza salfa, na pamoja na kuoga, vumbi la njano lilikuwa bado limemkaa kwenye kope na kwenye mikunjo ya shingo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Leo umekuja na nini?"

Nikamweleza swali la yule mtoto. Akaendelea kufuta mpira wa bomba kwa kitambaa, taratibu, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mimi waziri nilimjua kwa buti," akasema.

Akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia, na mimi nimekulia mikononi mwake. Wakati wanatembea kuelekea Masaka, Uganda, mwanzoni mwa 1979, soli ya buti lake la kushoto iliachia. Zile zilikuwa safari za miguu, mvua na matope, na buti halina ubishi na tope. Akalifunga kwa kamba ya mkonge, akaizungusha mara tatu kuanzia vidoleni hadi kisigino, akatembea hivyo siku nne. Siku ya tano likaja lori na masanduku ya mbao. Alipewa jozi namba nane wakati yeye anavaa saba, akajaza karatasi za gazeti mbele. "Zile buti hazikuja zenyewe kutoka Dar es Salaam. Kuna mtu alikaa mezani, hana bunduki, akaandika kwamba jeshi linahitaji buti kadhaa, magari kadhaa, mchele kadhaa, na fedha itoke. Huyo ndiye waziri. Kumpiga Amin ilikuwa kazi yetu sisi."

Waziri wa wakati ule alikuwa Rashidi Kawawa, Simba wa Vita. Alichukua wizara mwaka 1977 kutoka kwa Edward Sokoine, ambaye aliishika tangu 1972 kisha akaenda kuwa Waziri Mkuu. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipoingia Kagera Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Maneno hayo wanafunzi wangu wanayajua kwa moyo. Nadhani tunawafundisha sana sababu na nia, na uwezo tunaupita haraka. Uwezo ndiyo zile buti. Ndiyo malori na mabasi ya raia yaliyokusanywa nchi nzima kubeba askari na mizigo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Mjomba alikuwa bado na karatasi za gazeti kwenye vidole.

Alhamisi nikaingia darasani. Nikawaambia tuanzie nyuma zaidi, Januari 1964, jeshi likiwa bado linaitwa Tanganyika Rifles na maofisa wakubwa ni Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Uasi ukafika Tabora, ukafika hata kwa askari waliokuwa Nachingwea, mkoa wa jirani hapa. Waziri alikuwa Oscar Kambona, aliyebeba mambo ya nje na ulinzi kwa pamoja. Ndiye aliyekwenda kuongea na askari wenye bunduki, na yeye ni raia. Nikamwangalia yule msichana wa dirishani. "Hana magwanda," akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini.

Waasi walinyang'anywa silaha na makomando wa Kiingereza tarehe 25 Januari, kwa ombi la Mwalimu, jambo lililomuuma sana. Baadaye wakaja askari wa Nigeria kushika ulinzi wakati nchi inajenga jeshi jipya. JWTZ ikazaliwa tarehe 1 Septemba 1964, vijana wengi wakitoka TANU na JKT, chini ya Mrisho Sarakikya. Wenzetu wengi Afrika walipata uasi wao na baada yake rais akawa mwanajeshi. Sisi tuliposhtuka tuliamua jeshi litoke kwa wananchi na lisimamiwe na serikali waliyoichagua. Naliona hilo kuwa moja ya mambo makubwa ambayo nchi hii imewahi kuyafanya, na nalisema kwa watoto bila kupunguza.

Si kwamba wanajeshi hawajawahi kukaa kwenye kiti cha Waziri wa Ulinzi. Abdallah Twalipo alikuwa Mkuu wa Majeshi hadi 1980, kisha akawa waziri. Abdulrahman Kinana alikuwa kanali. Lakini tumepata pia Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia, na madaktari wawili: Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa, na Dkt. Hussein Mwinyi, aliyeishika wizara mara mbili, 2008 hadi 2012 na tena 2014 hadi 2020. Darasa lilipenda sana hilo la daktari wa mifupa.

Enzi za Salim ndizo askari wetu walipovuka kwenda Msumbiji kuisaidia serikali dhidi ya waasi wa RENAMO. Mjomba hakwenda. Rafiki yake wa Kagera alikwenda, na sasa yuko Naliendele, kwenye makaburi ya mashujaa. Kila Mjomba akienda Mtwara mjini kufuatilia mambo yake, hushuka Naliendele kwanza. Huwa hasemi anakwenda kufanya nini, na sisi hatumuulizi.

Sasa nije kwenye kile nilichokuwa nakizunguka.

Mei 2013 nilikuwa mwanachuo Mtwara mjini. Ni siku zile za vurugu za gesi, watu walipopinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Maduka yalifungwa, matairi yakachomwa, na tulilala sakafuni chini ya madirisha, mabegi yamepangwa ukutani kama ngao. Wanajeshi waliletwa mjini. Wanne kati yao, waliokuwa wakitokea Nachingwea, walikufa gari lao lilipopinduka kabla hata ya kufika kwetu. Nilikuwa na hasira na woga kwa wakati mmoja, na nilipowaona askari barabarani sikujua niseme nini moyoni: wale ni kama Mjomba, na mimi nawaogopa. Nilichotaka kujua ni nani wa kumuuliza.

Waziri wa Ulinzi alikuwa Shamsi Vuai Nahodha. Desemba ya mwaka huohuo, kwa jambo jingine kabisa, nikapata jibu. Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, iliyoendeshwa na jeshi, polisi na askari wa wanyamapori, ilikuwa imewaumiza raia, na kamati ya Bunge ikaleta ripoti. Tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne wakaondoka kwa siku moja, Nahodha akiwa mmoja wao. Hakumpiga mtu yeyote kwa mkono wake. Lakini askari hasimami bungeni kuulizwa. Waziri husimama, na siku hiyo wabunge waliuliza mpaka usiku ukaingia.

Hilo ndilo nililomjibu yule msichana. Wanajeshi wanamtii waziri kwa sababu sheria imempa kazi hiyo kwa niaba yetu, na yeye hana magwanda kwa sababu yuko upande wetu wa meza.

Nina dukuduku moja na nitaliandika. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, pale kando ya Ruvuma, kilivamiwa na watu waliotoka ng'ambo, na hapa juu tukapokea ndugu waliokimbia na magodoro kichwani. Desemba akateuliwa Elias Kwandikwa kuwa Waziri wa Ulinzi. Agosti 2021 akafariki. Septemba akaja Stergomena Tax, mwanamke wa kwanza, na Rais akasema wazi kwamba kazi ya waziri si kubeba mzinga. Kwetu wa mpakani alikuwa mtu sahihi: alikuwa ametoka tu kuwa Katibu Mtendaji wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyopeleka majeshi Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, mwaka huohuo. Oktoba 2022 akahamishwa, akaja Innocent Bashungwa. Agosti 2023 Tax akarudishwa. Uteuzi mara nne ndani ya miaka isiyofika mitatu, katika kipindi ambacho sisi tulikuwa tunalala jicho moja wazi. Waziri anahitaji muda wa kuujua mto huu kwa vivuko vyake na watu wake, na napenda aliyepewa aachwe aumalize.

Kipindi kilipokaribia kwisha yule msichana akanyoosha kidole tena. Alitaka kujua kama Mjomba wangu aliwahi kumwona waziri kwa macho.

Sikuwa nimemuuliza. Jioni nikarudi barazani. Bomba lilikuwa limeshaning'inizwa ukutani, na yeye alikuwa anamenya ming'oko, kisu kidogo, ganda refu lisilokatika.

"Hata mmoja," akasema.

Akafikisha ganda mwisho, akaliweka pembeni.

"Buti nilizipata."