Kanisa la Kilpeck
Jana nilifika Kilpeck, kijiji kidogo cha Herefordshire, Uingereza. Jamani, lile kanisa! Lilijengwa karibu mwaka 1140 kwa mawe mekundu ya mchanga, dogo tu, upande wa madhabahu ukuta umepinda nusu duara. Nililizunguka mara tatu shingo ikiwa juu. Chini ya paa kumepangwa sanamu ndogo zaidi ya 80 za mawe: kondoo dume, ndege, nyuso za watu, na mbwa ametulia ubavuni mwa sungura (hao ndio vipenzi vyangu). Juu ya mlango wa kusini kuna mti wa uzima, pembeni majoka yamejisokota. Karibu miaka 900 ya mvua na baridi, na alama za patasi bado zinasomeka. Nilipapasa ukuta, machozi yakanilenga.