Nimeombewa dua sokoni

Nilikuwa nshaapa siandiki tena habari za hedifoni mpaka Ramadhani iishe, maana humu kuna watu mshaanza kuniita fundi waya, lakini hili limenikaa kooni na nikilala naliona.

Jumamosi nilitumwa mfuniko wa chupa ya chai, nikapita kule nyuma ya soko wale kina mama wanakotandika magunia na kuuza vitu vya nyumba za Wazungu waliorudi kwao. Malindi hii Mtaliano akifunga nyumba vitu vyake havipotei, vinashuka polepole kutoka Casuarina, vinapitia kwa mlinzi, vinapitia kwa dada wa jikoni, mwisho vinalala kwenye gunia. Mfuniko sikuupata. Chini ya blenda isiyo na jagi nikaona manjano.

Sennheiser HD 414. Moyo ukaruka wallahi. Kwa wageni niseme haraka: zilitoka 1968, ndo hedifoni za kwanza za wazi, maana kabla yake ilikuwa ni kufunika masikio na mabakuli mazito jasho likutiririke. Hizi ni plastiki nyepesi, na sponji ya manjano unaiona toka mbali. Na kuna toleo la 1995 walilotoa kusherehekea miaka 50 ya kampuni, lakini hizi si zile, hizi zina ile jeki ya Kijerumani ya pini tano, ya zamani hasa.

Sharti langu mnalijua, sinunui kitu kinachozidi mia tano. Na mbinu yangu mnaijua pia, nashika kitu kingine kwanza.

"Mama, pasi hii bei gani? Na haya mawaya?"

"Mawaya mia nne."

"Ai mama, sponji yote imeoza, tazama inanibakia mkononi. Nna mia mbili."

Akanitazama. Sio usoni, miguuni. Nilikuwa na zile ndara zangu, ya kushoto kamba nimeishika na waya. Kisha akazichukua zile hedifoni akazifuta vumbi kwa leso yake, akanipa kwa mikono miwili, akasema: "Lete hiyo mia mbili mwanangu. Mungu atakujaalia na wewe ununue mpya."

Jirani yake anayeuza ndimu akaitikia "Amin!" sokoni pote wakasikia. Na mimi nikasema nini? Nikasema amin.

Sasa tangu siku hiyo ni amin, amin, amin. Natengeneza jibu kila nikiosha vyombo. "Mama, mpya sizitaki." Haifai, utarudishaje dua ya mtu mzima, na rizki yenyewe hii ya kubahatisha. "Mama, mimi hukusanya." Nikusanye nini, angefikiri chuma chakavu. "Mama, nyumbani nnazo nyingine kumi na kitu." Hapo ndo angeniombea zaidi. Na kilichonichoma sio kuonekana sina, nshazoea, ni kwamba mimi nilidhani napatana bei kumbe mwenzangu anatoa sadaka. Ile mia mbili alivyoikunja pole pole! Na msifikiri nimemdhulumu, hedifoni hizi ziliuzwa zaidi ya milioni 10 duniani, sio almasi. Lakini alivyozifuta na leso, jamani. Fatuma kaolewa Alhamisi, mwenye jengo kapandisha kodi ya duka, na mimi niko na leso ya mama wa watu.

Haya, usiku wa Jumapili nikazifungua. Sponji ilikuwa unga na gundi, unyevu wetu huu wa pwani hauachi sponji salama, nikafuta na spiriti mpaka ikatoka. Waya zake huchomoka kila upande, pini zimeota kijani cha chumvi, nikazisugua. Mita ya kupima ukinzani wa umeme ikasoma karibu omu 2000 kushoto, karibu omu 2000 kulia, zote hai! Ila omu 2000 maana yake simu haiwezi, ukichomeka unasikia mnong'ono tu, zinataka volti. Ile jeki ya pini tano sikuikata (anayekata jeki ya asili na mimi tusisalimiane), nikaiundia adapta nikaingiza kwenye amplifaya ya marehemu baba, ambayo nyote mlisema niiuze. Sponji nikapata kipande kwa fundi makochi kule Maweni, nyeupe, nikakata nyembamba nikazungusha. Sio rangi yake, ntavumilia.

Nikaweka taarabu moja ya zamani, kaseti ya baba. Besi hamna, nisidanganye, mpenda ngoma nzito hizi azikimbie. Lakini ile fidla! Unasikia uta unavyogusa kamba, na yule mama mwimbaji akivuta pumzi kabla hajaanza beti. Nikafumba macho. Mara nasikia kuna mtu anafuatisha, na si kwenye kaseti. Mamangu, uani, anachambua mchele na anaimba, maana hizi za wazi huvujisha sauti chumba kizima. Sijamsikia akiimba tangu eda.

"Hizo ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Mia mbili."

"Hizo sawa. Zile zako nyingine nakuita mpaka koo linakauka. Hizi angalau nikikuita utasikia. Mfuniko wa chupa uko wapi?"

Nimecheka mpaka nikazivua. Kesho narudi sokoni kutafuta huo mfuniko, na nikimkuta yule mama ntavaa viatu, hilo nshakata shauri, ingawa sjui ndo ataona dua yake imejibiwa siku nne au vipi.

Ila kuna jingine. Saidi jana karudi shule na barua ya mwalimu, akanipa mimi badala ya mamake, akasema "mjomba iweke wewe kwanza." Bahasha imefungwa. Mtoto huyu hajawahi kunificha kitu, na leo asubuhi hakunywa chai, kachukua begi kaenda mbio. Dadangu anarudi kutoka Kilifi kesho jioni. Naifungua au namsubiri?