Mvinje Hauoti Chini ya Mvinje

Wapendwa katika Bwana, neno letu la juma hili linatoka katika Injili ya Yohana, sura ya 3, mstari wa 30: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Tumezoea kuyasema maneno hayo kwa wepesi, lakini aliyeyatamka wa kwanza alikuwa ameletewa habari kwamba watu waliokuwa wakimjia yeye sasa wote wanamwendea mwingine. Yohana Mbatizaji hakuwa ametenda kosa lolote, wala huduma yake haikuwa imeharibika. Alikuwa ameimaliza kazi yake vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo zamu ilikuwa inapita kwa mwingine. Ninaomba tulitafakari jambo hili kwa kuitazama ardhi ya Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa.

Mwamba wa pale wenyewe uliwahi kuwa na uhai. Ni matumbawe yaliyoishi zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yakafa yakawa jiwe, na juu ya jiwe hilo ukaja kuota msitu wa pwani. Kuanzia mwaka 1954 kiwanda cha saruji kilichimba jiwe hilo, na kila kilipopita kiliacha uwanda mweupe usio na udongo wala kivuli, uliochimbwa hadi karibu na maji ya chini, nayo yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, mzaliwa wa Uswisi, alianza kutafuta ni nini kingekubali kuota mahali kama pale. Katika aina 26 za miti zilizojaribiwa, tatu tu ndizo zilizostahimili: mnazi, mti uitwao damas ambao asili yake ni Somalia, na mvinje.

Mvinje tunaufahamu sote tuliokulia pwani, maana ndio unaosimama ufuoni ukipigwa na upepo wa chumvi bila kulalamika. Katika mizizi yake kuna vinundu wanamoishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti, na kwa hiyo unaweza kuanza maisha mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Hata hivyo miaka ya mwanzo ilileta shida ambayo huenda wengi wasingeiwazia. Vijiti vyembamba vinavyodondoka kutoka kwenye mvinje vina ukali unaovifanya vichelewe sana kuoza, basi vikarundikana juu ya mwamba vikiwa vikavu, na udongo haukupatikana. Aliyeitatua shida hiyo ni jongoo. Ilionekana kwamba jongoo mwenye miguu myekundu anavila vijiti hivyo, na majongoo wakakusanywa kwa mamia, wakaachiwa chini ya miti. Jongoo hutafuna taratibu, na anachokiacha nyuma yake ni vidonge vidogo vyeusi ambavyo vijidudu vya udongoni vinaweza kuvimalizia. Vidonge hivyo, vikilimbikizana miaka baada ya miaka, ndivyo vilivyoanza kuwa udongo juu ya jiwe tupu.

Udongo ulipopatikana, miti mingine iliweza kuingia, ikiwemo mivule na mingine ya misitu yetu ya asili, na nyuma yake wakaja ndege, wadudu na wanyama. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park, na wengi huenda kuwaona viboko na kobe wakubwa bila kuuliza wanakanyaga nini. Lakini mche wa mvinje unataka jua kali na ardhi iliyo wazi; chini ya kivuli cha mama yake, katika zulia la vijiti vile, haukui. Mti ulioifanya ardhi ikalike umeifanya isiwafae watoto wake wenyewe, ikawafaa wa jamii nyingine. Mimi naliona hilo kuwa jambo zito sana, na siwezi kulipita haraka.

Wanasayansi hawasemi kwamba mambo huenda hivi kila mahali. Mwaka 1977 Joseph Connell na Ralph Slatyer walieleza kwamba wanaotangulia huweza kuwaandalia njia wanaokuja, au wasiwasaidie wala kuwazuia, au wakaishika nafasi na kuwafungia wengine mlango hadi watakapokufa au kung'olewa. Nimeisoma hiyo ya tatu nikaona makanisa yetu. Kuna kwaya ambayo wimbo mpya hauingii humo ila kwa mazishi ya mwalimu wake, na kuna kamati ambazo vijana wamezisubiri mpaka nao wameota mvi. Nasema hivi kwa upendo, wala simlengi mzee yeyote, kwa sababu upo pia udhalimu wa upande wa pili: kijana anayekalia benchi ambalo akina mama walilinunua kwa kuuza maandazi, halafu akawaita watu waliopitwa na wakati. Huyo amesimama juu ya udongo asiojua ulitoka wapi.

Kupungua kunauma, na Maandiko hayatulazimishi kujifanya hatuumii. Lakini katika mstari wa 29 Yohana anajiita rafiki wa bwana arusi, anayesimama na kuisikia sauti yake, na anasema kwamba furaha yake imetimia. Tazameni kwamba hasemi itatimia baadaye, huko mbinguni. Anaisema akiwa hai, kabla hajatiwa gerezani, huku wafuasi wake wakiendelea kumpungukia.

Juma hili tuisome sura hiyo kuanzia mstari wa 22 hadi wa 36, kila nyumba kwa wakati wake. Wale mnaoshika nafasi ya uongozi, mwombeni Mungu awaonyeshe mtu mmoja wa kumfundisha kazi hiyo mngali na nguvu za kumfundisha, kisha mwiteni na kuanza naye. Nanyi mlio vijana, nendeni mkawatembelee waliokwisha kustaafu katika huduma, mketi nao, muwaulize kanisa hili lilianzaje, na mwombe pamoja nao kabla ya kuaga.