Ng'onda wangu, tuyo wake

Kukaa Deira, hapa Dubai, miaka miwili bila kutia mdomoni chakula cha Kifilipino ni kazi, maana wako kila kona, ukitoka getini mgahawa, ukivuka barabara mgahawa, lakini mimi niliweza kwa sababu nilikuwa nimekataa kwa makusudi kabisa. Sababu yenyewe harufu.

Nakaa bedispesi, chumba kimoja vitanda vya deka vitatu, watu sita, na flati ina vyumba vitatu na jiko moja, hesabu wenyewe. Dada anayelala juu yangu ni Mfilipino wa Batangas, na kila siku yake ya ofu asubuhi anakaanga tuyo. Tuyo ni samaki wadogo, urefu wa kiganja hivi, wamekolezwa chumvi wakaanikwa juani, na wakigusa mafuta ya moto jamani ile harufu haibaki jikoni, inatembea, inaingia chumbani, inaingia kabatini, inakaa kwenye yunifomu. Sasa mimi kazi yangu nauza pafyumu. Unampulizia mteja udi kwenye mkono huku wewe mwenyewe unanuka samaki, mteja anakunja pua anadhani ni ile chupa.

Siku nikachoka nikamwambia. Hakunijibu. Akafungua kabati la jikoni, akatoa mfuko wangu wa ng'onda, samaki wetu wakavu, nilioletewa kutoka nyumbani Tanga, umefungwa nailoni tatu, akaunusa, akaurudisha palepale, akaendelea kugeuza samaki wake. Nikajua hapa sina kesi.

Basi tukaishi hivyohivyo, salamu ipo lakini moyo haupo. Na mimi nilikuwa nimeshajazwa maneno na waliotangulia huku, oh wale wanakula yai lenye kifaranga ndani, oh kila chungu chao kina nguruwe, ukila kwao umekwisha. Sikuwahi kuuliza.

Mwezi uliopita ikawa bethidei yake na akaalika watatu wa flati tukale, mimi, Mfilipino mwenzake mmoja wa Bicol, na dada mmoja wa Likoni anayekaa chumba cha pili ambaye ndiye mtu wangu wa kuongea Kiswahili humu ndani. Mimi nikaanza kuhesabu hela za kuchangia. Kumbe kwao anayezaliwa ndiye anayewalisha watu! Kwetu unamwagiwa ndoo ya maji, unga kichwani, halafu wanakudai na keki juu.

Tulikwenda Al Rigga, metro laini nyekundu, ukishuka pale unatembea kidogo tu. Mgahawa wenyewe wa kawaida sana, meza za plastiki ngumu, tivii imewashwa ukutani, na mbele kuna kioo kirefu chakula kimepangwa kwenye matrei unaona kila kitu. Mgahawa wa hivi wanauita turo-turo, yaani onyesha-onyesha, unanyoosha kidole hiki, na hiki, na kile, unapakuliwa. Nikafurahi kuona wenzetu nao wanarudiarudia neno kama sisi na polepole yetu na harakaharaka yetu. Tukaelekezwa kwenye "mesa", nikashtuka, nikamuuliza yule wa Bicol umesema nini, akasema mesa, hii hapa, anagonga meza. Sisi tulichukua kwa Mreno, wao kwa Mhispania aliyewakalia miaka zaidi ya 300, yaani mabaharia wa rasi moja wamezunguka dunia wanaacha meza kila bandari. Fort Jesus pale Mombasa ilianza kujengwa 1593, wakati huo Manila Mhispania ameshajenga kibaraza anakunywa upepo.

Kabla sijakaa nikamuita weita. Dada yangu wa juu (hapa inabidi niseme, huyu anaitwa "ate", tamka a-te, maana yake dada mkubwa, na mwanaume ni "kuya", hawamwiti mtu aliyewazidi jina lake kavukavu, na wakiongea na mkubwa wanachomeka "po" kila baada ya maneno mawili matatu, ni kama shikamoo imekatwakatwa ikasambazwa kwenye maongezi yote) basi ate akanifundisha neno moja tu la kuuliza, baboy. Nguruwe. Nikauliza, kuya, baboy? Yule kaka akacheka, akasema hapa kwao hawapiki, hapa Dubai atakayeuza nguruwe lazima awe na kibali chake na menyu imeandikwa wazi, hata sisig yao ambayo kwao ni kichwa cha nguruwe wao wanatengeneza ya kuku. Miaka miwili nimeogopa kitu ambacho swali lake ni neno moja.

Sasa chakula. Kimekuja kwa mpigo, kwao hakuna mambo ya hiki kwanza hiki baadaye, vyote mezani na wali katikati, na kisu hakuna, ni kijiko na uma, uma unasukuma tu. Ate akaniona nautazama ule uma akasema kama unataka mkono tumia mkono, kwao kula kwa mkono kuna jina lake kabisa, kamayan. Nikaenda kunawa mbio.

Cha kwanza kilichonimaliza ni supu, sinigang. Nimepiga kijiko kimoja nikamwangalia yule wa Likoni, yeye ananiangalia mimi. Ukwaju! Ukwaju mtupu, uchachu ule wa kukunja jicho moja, ndani kuna samaki, bamia, figili, majani fulani na pilipili ndefu ya kijani inaelea nzima. Na samaki mwenyewe nikamgeuza geuza, ile rangi ya fedha, ile miba midogomidogo isiyokwisha, mwenzangu akaniwahi, "Wewe, huyu si mwatiko huyu?" Mwatiko kabisa. Wao wanamwita bangus, na kwao ni samaki wa heshima, wanamfuga kwenye mabwawa, wengine wana utaalamu wa kumtoa miba yote kabla ya kumpika. Mimi nimekua naambiwa mwatiko kula polepole utakwamwa, kumbe kuna watu kazi yao ni kuchomoa ile miba mmoja mmoja kwa koleo.

Ikaja choroko. Ilikuwa Ijumaa na ate akaeleza kwao Ijumaa ndiyo siku ya choroko, wanaita monggo, ni mazoea ya Kikatoliki ya kutokula nyama siku hiyo, sasa nyumba nyingi na migahawa inapika hivyohivyo. Yule wa Likoni akasema hizi pojo, nikamwambia choroko, akasema pojo dada, tukabishana pale Wafilipino wanatutazama. Na ndani ya zile choroko wametia majani ya mlonge! Mlonge huu tunaouziwa unga wake kwenye vichupa kama dawa ya kila kitu, wao wanautia kwenye sufuria kama mchicha, wanauita malunggay. Bibi yangu alikuwa nao uani akifungia mbuzi.

Lakini aliyeniteka ni laing. Majani ya magimbi, yamepikwa kwenye tui zito mpaka yamekuwa meusi, pilipili imekaa vizuri, samaki mkavu kidogo kwa mbali. Tui kwao ni gata. Hicho ni chakula cha Bicol, kwa hiyo yule mwenzake akawa anatuangalia usoni kila kijiko kama mama mkwe. Akatupa na sharti, ukitia majani kwenye tui usikoroge, acha yalainike yenyewe, ukikoroga mapema yatakuwasha koo. Nimefikiria kisamvu cha nazi cha kwetu nikaona huyu ni binamu yake aliyepotelea baharini. Nilichota wali mara ya tatu, sioni haya kusema.

Adobo ya kuku nzuri, siki na soya sosi na vitunguu swaumu vingi, na jina tu ndilo la Mhispania, kupika na siki ili nyama isiharibike na joto walikuwa wanafanya kabla yake. Kare-kare ni mchuzi wa karanga na mkia wa ng'ombe na utumbo, bilinganya ndani, sawa, karanga tunaijua, ila hauna chumvi kabisa, unaambiwa chumvi yake ni hii hapa pembeni, kibakuli cha kitu cha waridi, kinanuka. Nikainama nikakitazama vizuri. Uduvi. Uduvi umechachushwa na chumvi, unaitwa bagoong. Macho madogo meusi yale yale. Ate akawa ananichungulia aone nitasema nini kuhusu harufu. Nikachovya, nikala, nikanyamaza.

Si vyote. Pancit tulikula kwa sababu ni bethidei, tambi ndefu ndiyo maisha marefu, mambo wameyapata kwa Wachina, marufuku kukata. Lakini ikaja tambi nyingine, spageti nyekundu, na hiyo ndiyo sijaelewana nayo mpaka leo. Tambi tamu mimi nazijua tangu tumboni, tambi za futari zenye nazi na iliki, lakini hizi ni tamu halafu zina nyama ya kusaga na soseji nyekundu zimekatwa vipande, na jibini juu. Ubongo unasema futari, ulimi unasema soseji. Utamu wenyewe unatokana na kechapu ya ndizi, ndiyo, ndizi, na hapa ate akakaa sawa kwenye kiti maana aliyeibuni ni mtu wa kwao Batangas, Maria Orosa, mzaliwa wa Taal, alisoma Seattle mambo ya dawa na kemia ya chakula, akarudi nyumbani akaona Wamarekani wamewazoesha kechapu lakini nyanya ni shida na ndizi zinaoza, akasaga ndizi. Wakati wa vita alitengeneza unga wa soya uliokuwa unapenyezwa kwa wafungwa waliokuwa wanakufa njaa kwenye kambi za Wajapani, na akafa kwa vipande vya bomu Manila, Februari 1945. Kwa heshima ya huyo mama nilimaliza sahani. Lakini siagizi tena.

Katikati ya yote hayo ate alikuwa amempigia vidio mtoto wake, miaka saba, amesimamisha simu kwenye glasi, na kule Batangas usiku ameshaingia, mtoto anapiga miayo lakini hataki kulala, anataka kuona kila sahani. Mimi nami nikawa namrekodia mdogo wangu Tanga voisi nikimweleza, nikasema kwa sauti, "nimekula kila kitu leo, bado tu mayai ya bata." Mtoto kwenye simu akakaa wima. Ate akageuka. "Bata? Bata gani?" Kumbe kwa Kitagalogi, lugha yao, bata ni mtoto! Mtoto wa watu amesikia mwanamke mweusi asiyemjua anamwangalia kwenye kamera anataja bata na kula. Tulipata kazi ya kueleza. Nikapiga mabawa pale kwenye kiti, nikalia kwaa kwaa, mgahawa mzima umegeuka, mtoto akacheka mpaka akaanguka nje ya kamera.

Ndipo nikauliza lile yai. Linaitwa balut, ndiyo, ni yai la bata, bata wetu mimi, limekaa kwenye joto siku 14 mpaka 18 hivi, na huuzwa usiku, muuzaji anapita na kikapu anaita baluuut, unatoboa juu, unanyonya supu kwanza kwa chumvi na siki. Ate akaongea habari zake kama mimi ninavyoongea habari za pweza wa Forodhani. Sijala, siahidi, ila sijasonya tena.

Lumpia ya mwisho, ile roli yao ya kukaanga, ilibaki kwenye sahani dakika kumi hakuna anayeigusa, kila mtu ameshiba, kila mtu anaitazama. Kama nyumbani tu. Bili ikaja dirham 187, nikaingiza mkono kwenye pochi, ate akanishika mkono akasema weka pera yako. Nikamtazama, mapera? Pera kwao ni pesa. Mwenzangu wa Likoni akalalia meza kwa kicheko, na mimi pera yangu ikarudi kwenye pochi, nikasema salamat, ambayo ni asante yao na nusu ni yetu.

Sasa nyumbani. Ijumaa iliyofuata nimeamka nasikia mafuta yanachezacheza jikoni na harufu ile inakuja, nikaenda na mfuko wangu wa ng'onda. Akanisogezea nafasi kwenye kikaango. Wake upande huu, wangu upande ule, siki yake ya pilipili kwenye kibakuli, ndimu yangu, wali wa jana ameukaanga na vitunguu swaumu. Tulikula tumesimama maana jiko halina viti. Wakati tunaosha vyombo tukakuta karatasi kwenye mlango wa friji, imeandikwa kwa herufi kubwa na kalamu nyekundu na dada mmoja Mnepali wa chumba cha tatu: SAMAKI WAKAVU MARUFUKU KABLA YA SAA NNE ASUBUHI. Ate akaisoma, akaniuliza, na huyu Mnepali ile achari yake ya figili anaifungulia wapi.