Ua la pareto halingoji kalenda

Kwa mwenye kishamba kidogo cha pareto, ua linalotoa dawa ya kuua wadudu, huko juu ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kibumba hadi vilima vya Masisi, kila msimu swali ni lile lile: nichume leo au ningoje? Tarehe ya kupanda haisaidii. Rangi ya shamba lionekanalo kutoka barabarani haisaidii pia. Shamba lililogeuka jeupe lote linapendeza macho, lakini weupe ule unasema tu kwamba petali zimefunguka, na dawa haikai kwenye petali.

Chukua ua moja ulipasue katikati kwa kucha. Pembeni kuna petali nyeupe, ishirini hivi. Katikati kuna kitufe cha njano, na ukikisogeza karibu na jicho utaona si kitu kimoja: ni vijiua vidogo vilivyobanana. Chini ya kila kijiua kuna kijimbegu kichanga, chembamba, chenye migongo midogo kama muhindi uliokonda. Hapo ndipo penye mali. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya piretrini zote za ua, ile dawa inayoua wadudu, imo kwenye vifuko vya mafuta vya vijimbegu hivyo. Shina halina kitu cha maana, majani yana kidogo sana. Ukishalijua hilo, mengine yote kuhusu kuchuma yanaeleweka yenyewe.

Vijiua vya njano havifunguki kwa pamoja. Vinaanzia ukingoni, karibu na petali, halafu mstari kwa mstari vinaelekea katikati. Kilichofunguka kina mdomo mdogo kama nyota ya ncha tano, na ukikigusa kidole kinabaki na unga wa njano. Ambacho bado ni kitone laini kilichofumba, kina ukijani kidogo. Basi kazi yako ni kuhesabu mistari iliyofunguka. Petali zikiwa zimelala sawasawa kama sahani, na mistari miwili hadi minne ya ukingoni imefunguka huku katikati bado kumefumba, ua hilo ni la kuchumwa. Mistari mitatu ndiyo shabaha nzuri. Anayeanza abebe hata lenzi ndogo siku mbili tatu za kwanza. Baada ya hapo jicho litazoea, na mkono utachuma bila kuhesabu.

Ukichuma mapema, petali zikiwa bado zimesimama kama mikono iliyoinuliwa, vijimbegu havijajaa. Unapoteza mara mbili: uzito ni mdogo, na dawa iliyomo ni kidogo. Hilo ndilo kosa la wenye haraka, hasa penye watoto wanaochuma, kwa sababu ua changa ni gumu, halichafui vidole na linajaza kitunga haraka.

Ukichelewa, hasara inakuja kwa njia nyingine. Vijiua vyote vikishafunguka, uzito wa ua unaendelea kuongezeka, lakini dawa haiongezeki kwa kasi ile ile, kwa hiyo katika kila kilo unapata kidogo zaidi. Kitufe kikianza kugeuka kahawia na petali kunyauka na kuinama chini, vijimbegu vinalegea. Ua kama hilo likikaushwa linapukutika, na kile kinachopukutika juu ya turubai na kupeperushwa na upepo ndicho hicho ulichokuwa unakitafuta. Unabaki na petali, ambazo ni mapambo.

Lakini mapema na kuchelewa si makosa yenye uzito mmoja. Ua la mistari mitano bado ni ua zuri. Ua la mstari mmoja ni hasara. Ukisitasita, ngoja siku mbili, mradi katikati hapajaanza kuwa kahawia.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mmea mmoja una maua ya umri wote kwa wakati mmoja: vitumba, yaliyofunguka jana, yaliyokomaa, na yaliyopitiliza. Kwa hiyo uamuzi haufanywi kwa shamba zima, wala kwa shina, ila kwa ua moja moja. Anayekata shina zima kwa kisu ili amalize mapema anaua vitumba vya raundi mbili zijazo. Unapita, unachuma yaliyo tayari, unaacha mengine, na unarudi baada ya wiki mbili. Penye baridi kali na jua haba, ziwe tatu. Yaliyopitiliza yachume pia, lakini yaweke pembeni. Ukiyaacha, mmea unapeleka nguvu kwenye kukomaza mbegu na unapunguza kutoa maua mapya. Usiyachanganye na mazuri. Yanafaa unga wa kutumia nyumbani, si mzigo wa kuuza.

Namna ya kuchuma: ingiza shingo ya ua kati ya vidole viwili, kichwa kikae juu ya kiganja, kisha vuta kwa dole gumba kikatike shingoni. Kishina kisizidi upana wa ukucha. Vishina virefu vinaongeza uzito kwenye mizani, kweli, lakini vinashusha kiwango cha dawa, na mnunuzi anayepima anaona. Pia vinakawia kukauka kuliko ua lenyewe, na kishina kimoja kibichi ndani ya gunia kinaleta ukungu kwa jirani zake wote.

Sasa hali ya hewa, ambayo huku kwetu ndiyo inayoamua mambo zaidi kuliko jicho la mchumaji. Maua yenye umande au maji ya mvua hayachumwi. Ngoja yakauke mmeani, mara nyingi hadi saa tatu au saa nne asubuhi, kwa sababu kule juu ukungu hauna haraka ya kuondoka. Ua lililochumwa likiwa limelowa linaanza kuchacha ndani ya kitunga kabla hujafika nyumbani. Tumbukiza mkono katikati ya rundo: ukisikia joto, kazi imeshaanza kuharibika. Maua yatageuka kahawia na dawa itapungua, na hakuna namna ya kuirudisha. Ndiyo maana sashe ya plastiki haifai kabisa, hata kwa mwendo mfupi; gunia lililoshindiliwa nalo ni hivyo hivyo. Tumia kitunga kinachopitisha hewa, usishindilie, na kiweke kivulini kila kinapojaa.

Na kabla ya kuchuma jiulize: nitakaushia wapi leo? Mwezi wa nne au wa kumi na moja, mvua inapopiga kila alasiri, maua yaliyokomaa yakibaki siku tatu zaidi mmeani yanapungua kidogo tu. Maua yaliyochumwa yakakosa pa kukauka yanaharibika usiku mmoja. Kama nafasi ya kukaushia inatosha kilo kumi, chuma kilo kumi.

Kukausha kunataka chanja iliyoinuliwa, kimo cha kiuno hivi, yenye wavu au mkeka wa matete ili hewa ipite chini. Tandaza maua kwa unene wa ua moja, au mawili ikibidi. Chini kwenye udongo wetu mweusi wa volkano usitandaze, hata juu ya turubai: unyevu unapanda usiku, na vumbi la mawe likishaingia halitoki. Siku ya kwanza geuza mara nne au tano, kwa mkono mwepesi. Siku zinazofuata punguza, kwa sababu kadiri ua linavyokauka ndivyo linavyopukutika. Jioni ingiza ndani au funika kabla umande haujashuka. Jua likiwa zuri kazi inaisha kwa siku tatu hadi tano. Mawingu yakitanda, wiki.

Jua lenyewe ni rafiki mwenye masharti. Mwanga unaivunja piretrini, lakini ua zima linajikinga kwa kiasi, kwa sababu dawa imefichwa ndani ya kitufe. Likishakauka halina sababu ya kubaki juani hata saa moja zaidi. Wanaotundika karatasi ya plastiki nyeupe au chandarua kizee juu ya chanja wanafanya vizuri. Wanaoanika juu ya manjanja ya paa wanachoma: bati la mchana linapata joto kali, ua linakauka nje na kubaki bichi ndani. Kukausha kwa mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba kunawezekana mvua ikizidi, ila moto uwe wa makala yaliyokwisha kutoa moshi, chanja iwe juu, joto penye maua lisizidi nyuzi 50 hivi, na mtu asilale humo. Makala katika chumba kilichofungwa yanaua watu pia, si wadudu tu.

Utajuaje limekauka? Petali kuvunjika si kipimo. Petali zinakauka siku ya kwanza. Chukua kitufe cha njano kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kisha sugua. Kikisagika na kumwagika kama unga wenye chembe, tayari. Kikibonyea kama mpira na kurudi, bado. Mwenye mizani ana njia ya uhakika zaidi: pima gramu 500 za maua mabichi, yatandaze kwenye kona yake ya chanja, yatunze kama mengine. Yakifika gramu 110 hivi, unyevu umeshuka hadi karibu asilimia 10, na hapo unasimama. Kwa hesabu ya jumla, kilo nne hadi tano mbichi zinatoa kilo moja kavu. Anayekuambia ametoa kilo moja kavu kutoka kilo tatu ana maji ndani ya gunia lake.

Hifadhi maua mazima, usiyasage kabla ya siku ya kuyatumia. Unga una uso mwingi unaokutana na hewa na mwanga, na unapoteza makali haraka. Bidoni kavu yenye mfuniko unaobana, mahali penye giza na baridi, inatosha kwa matumizi ya nyumbani. Andika mwezi wa kuchuma juu yake, usichanganye mzigo wa zamani na mpya.

Kwa bustani ya mboga, gramu 20 za unga katika lita 10 za maji, pamoja na sabuni kidogo ili dawa ishike majani, ni kipimo kinachofanya kazi kwa vidukari. Nyunyiza jioni: jua halitaivunja dawa kabla haijafanya kazi, na nyuki watakuwa wamesharudi mzingani. Kuwa asili haimaanishi haina madhara. Piretrini inaua samaki, kwa hiyo pampu na ndoo havioshwi ziwani wala kwenye kijito kinachoshuka kwenye bwawa la mtu. Sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, hawana kosa. Kusaga kunataka kitambaa puani, na mwenye pumu aachiwe kazi nyingine. Wengine ngozi inawawasha na kutoka vipele kwa kuchuma tu. Mikono mirefu na sabuni vinasaidia. Na kinu cha pareto kiwe cha pareto peke yake. Kinu cha sombe, cha kutwangia majani ya muhogo, kisikopeshwe kwa kazi hii hata siku moja.

Wenye viwanja mjini Goma mara nyingi hulalamika kwamba mmea unastawi, majani mazuri, ila maua hayaji au yanakuja machache. Mbolea haina kosa hapo. Pareto inahitaji usiku wa baridi, chini ya nyuzi 16 hivi kwa siku kumi au zaidi, ndipo ianze kutunga vitumba, na mji uko kwenye mita 1,500 tu, kando ya ziwa linalotunza joto. Ukiongeza samadi utapata majani zaidi. Panda kule juu, au ridhika na maua machache.

Hakikisha pia ulichopanda ni pareto kweli. Bustani za mjini zina maua ya mapambo yanayofanana nayo sana, meupe yenye kitufe cha njano, makubwa hata kuipita, na hayana dawa. Tazama majani: ya pareto yamechanikachanika, membamba, yenye rangi ya kijivu ya fedha. Majani mapana ya kijani yanayong'aa ni ya mapambo, hata muuza miche aape vipi.

Kiangazi kikiingia mwezi wa sita na maua yakaisha, kata mashina makavu yote karibu na ardhi na uyatoe shambani. Ukiyaacha, machipukizi mapya yanapanda katikati ya miti mikavu, na raundi ya kwanza ya msimu ujao utatumia nusu ya siku kutenganisha maua mapya na vichwa vya mwaka jana. Shina lililokatwa vizuri linazaa miaka mitatu hivi. Baada ya hapo ling'oe, ligawe vipande vyenye mizizi, uvipande mahali pengine mvua za mwezi wa tisa zikianza; katika miezi mitatu au minne utakuwa unahesabu mistari tena.