Nyuma ya rangi nyeusi: jinsi nilivyoiokoa Hiace yetu ya kulala

Mlango ndio ulioanza kusema. Hiace yetu ina mlango wa kuburuza upande wa kushoto, na miaka yote mtoto wangu wa darasa la pili alikuwa anaufunga kwa mkono mmoja. Masika ya 2024 yalipoanza, ukaanza kugoma. Unafika karibu kabisa na mwisho, unagota, mpaka uunyanyue kidogo ndipo ushike. Nikaenda kwa fundi milango, akabadilisha roli ya chini na kupaka grisi. Wiki mbili tu, tatizo likarudi. Akaurekebisha tena, nikalipa tena, likarudi tena. Shemeji yangu akachoka kunisikiliza, akanipeleka kwa mzee mmoja fundi wa bodi, Tandika, Dar es Salaam.

Mzee yule hakuugusa mlango. Aliangalia upenyo uliopo kati ya mlango na bodi, akapitisha kidole juu, akapitisha chini.

"Gari linalala wapi, mwanangu?"

"Kigamboni, mzee."

"Na humo ndani umeweka nini?"

Nikamfungulia. Ni Hiace ya mwaka 2006, niliiagiza kutoka Japani 2018. Mwaka 2020 nikaipeleka kwa seremala akaigeuza nyumba: kitanda cha plaiwudi cha kukunja, makabati pande zote mbili, sinki, jiko la gesi la plate mbili, tangi la maji la lita 60. Watoto wa mtaani kwetu wanaiita nyumba ya konokono. Mimi, mke wangu na watoto watatu tumelala humo Kimbiji, Bagamoyo, Lushoto, na mara mbili nje kidogo ya Mikumi. Sijui kama kuna kitu kingine nilichonunua maishani kilichoipa familia yangu furaha kama gari hili, na naomba msomaji alielewe hilo kabla sijaeleza fedha zilikokwenda.

Mzee akamwambia kijana wake aliingize gari juu ya shimo la gereji, tulione kwa chini.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kununua. Hiace haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Chini ya sakafu kuna mihimili miwili mirefu ya bati lililokunjwa likawa kama boksi, imechomelewa moja kwa moja kwenye sakafu, na pembeni kuna vizingiti vya milango ambavyo navyo ni maboksi. Hayo ndiyo yanayobeba injini, watu, maji, kitanda na kila kitu. Boksi likioza, bodi inalegea, na mahali pa kwanza pa kuonyesha ni penye tundu kubwa kuliko yote: mlango wa kuburuza. Roli haikuwa na kosa lolote.

Kwa macho, chini kulikuwa kuzuri. Kumepakwa kitu cheusi kinene, kama lami, kinang'aa. Nilipoipokea gari bandarini nilifurahia weusi ule, nikadhani ni dalili ya gari lililotunzwa. Mzee akachukua nyundo ndogo, akaanza kugonga kutoka mbele kwenda nyuma, polepole, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Ngi, ngi, ngi. Akafika chini ya mlango. Pwa. Akarudi nyuma hatua moja. Ngi. Akaenda mbele. Pwa. Pwa.

"Umesikia?"

Nilisikia. Akachukua bisibisi akakwangua, ile ngozi nyeusi ikabanduka kipande kikubwa kama ganda la yai la kuchemsha. Nyuma yake bati lilikuwa limevimba, limeachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma, jekundu limeiva. Akasukuma bisibisi kwa kiganja tu, bila nyundo. Ikazama mpaka kwenye mpini. Ilipotoka, ikafuatwa na maji machafu, kama nusu kikombe, na kokoto, na unga wa kutu. Nilishika ule unga mkononi, bado una unyevu, na nikajisikia vibaya mno.

Ile lami nyeusi haikuwa ulinzi. Ikipakwa juu ya bati safi inasaidia. Ikipakwa juu ya kutu, au ikishakauka na kupasuka nyufa ndogo, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki tena, kwa sababu jua na upepo haviyafikii. Kutu inaendelea kula gizani huku nje kunang'aa.

Usiku ule nilitafuta kwenye simu karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoeleza hali ya gari, niliyotumiwa na aliyeniagizia. Nilikuwa nayo tangu 2018, nimeangalia alama ya jumla na kilomita basi. Safari hii nikaikuza. Kwenye mchoro wa gari kuna herufi: S maana yake kutu, C maana yake bati limeanza kuliwa. Zilikuwepo zote mbili. Na pembeni kulikuwa na mstari wa Kijapani ulioandikwa kwa mkono, nikampigia rafiki aliyesoma kule, nikamtumia picha. Akanijibu: "Ndugu yangu, hapo wameandika sehemu za chini zina kutu." Miaka sita nimetembea na jibu mfukoni. Maeneo ya kaskazini kama Hokkaido, na pwani inayopata theluji nyingi kama Niigata, hunyunyizia chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hurukia chini ya magari na kujificha kwenye mikunjo. Chuma kinahitaji maji na hewa ili kishike kutu. Chumvi inafanya kazi hiyo iende mbio, na zaidi ya hapo inavuta unyevu wa hewani. Sasa lete gari hilo Dar es Salaam, hewa ya joto yenye unyevu mwaka mzima, halafu lilaze Kigamboni kwenye upepo wa bahari. Chumvi ya theluji ikakutana na ya kwetu.

Lakini si chumvi peke yake, na hii ndiyo sehemu ambayo mwenye gari la kulala anapaswa kuitazama kuliko mwenye Hiace ya abiria. Kesho yake tukavua makabati. Chini ya plaiwudi na kapeti la plastiki tukakuta skrubu za seremala zimetoboa sakafu mpaka nje, zaidi ya arobaini. Seremala yule anajua mbao kwelikweli, na makabati yake hayajawahi kulia hata kwenye barabara mbovu. Ila bati ukilitoboa bila kupaka rangi kingo za tundu, umefungua mlango. Kila skrubu ilikuwa na duara jekundu kuizunguka. Kisha tukafuata mpira wa kutolea maji ya sinki. Ulipita sakafuni vizuri, na mwisho wake ukaishia juu ya ule mhimili, penye tundu. Miaka minne tulikuwa tunaosha sufuria za samaki na kumimina maji yake ndani ya mfupa wa gari. Lile nusu kikombe lililotoka kwenye bisibisi lilikuwa la kwetu wenyewe.

Matundu ya chini ya boksi, ambayo kiwanda kiliyaacha makusudi ili maji yatoke, yalikuwa yamezibwa na tope na ile lami nyeusi.

Kaka yangu alinishauri nilipake rangi na kuliuza. Alisema kwa nia njema, maana alijua mfuko wangu. Nilishindwa. Atakayenunua gari la kulala atalaza watoto wake humo.

Basi tukafanya kazi, siku kumi na moja. Kwanza tuliondoa vitu vyote vinavyoweza kuwaka: mtungi wa gesi na mpira wake, magodoro, sponji ya ukutani karibu na sehemu ya kuchomelea, hata mapazia. Tangi la mafuta likashushwa na kupelekwa mbali. Terminali za betri zikatolewa ili umeme wa mashine usiharibu mifumo ya gari. Wakati mzee anachomelea chini, kijana wake alikaa juu, ndani ya gari, na mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya maji, macho kwenye sakafu. Nilikaa naye muda mwingi. Mara mbili tuliona moshi kwenye kipande cha plaiwudi kilichosahaulika.

Kabla ya kukata chochote, mzee aliinua bodi kwa jeki taratibu, milimita kwa milimita, huku mimi nimesimama nje nikijaribu mlango. Ulipofunga wenyewe, akasema "basi hapohapo", akaweka stendi za chuma. Ndipo akawasha grenda. Ukikata kabla ya kuinyoosha bodi, unachomelea upinde na utabaki nao daima. Na alikata upande mmoja, akaumaliza, ndipo akaenda wa pili.

Alikata mpaka alipoona bati jeupe. Hili tulibishana. Nilipoona kipande kilichotoka kimezidi nusu mita nikamwomba abakize kidogo, tubandike kiraka juu. Akanionyesha kingo: "Hapa nikichomelea, moto unakula kutu, hauli chuma. Mwakani utarudi." Alikuwa sahihi. Mimi nilinunua mtaa wa Gerezani bati jeusi, lisilopakwa zinki, la milimita 1.5. Fundi mwingine jirani alishauri tutumie mabaki ya bati la kuezekea. Mzee alikataa: lile ni jembamba mno, na zinki yake ikipigwa moto hutoa moshi unaoumiza kifua.

Wakati mhimili uko wazi, kijana akapitisha kitambaa kwenye paipu ya breki ya nyuma. Kitambaa kikanasa. Chini ya kibano chake paipu ilikuwa na malengelenge ya kutu, imeliwa kiasi kwamba koleo likaiminya kama mrija wa soda. Desemba iliyotangulia tuliteremka na gari lile kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona baada ya kona, korongo upande mmoja, watoto watatu wamelala nyuma. Nilitoka nje ya gereji nikasimama barabarani kidogo. Paipu zote mbili za nyuma zilibadilishwa siku hiyohiyo.

Gharama yote, kazi na vifaa, ilifika milioni moja na laki tisa. Tuliahirisha kubadilisha paa la jiko la nyumbani.

Kuhusu kupaka, kila mtu mtaani alikuwa na neno moja: oili chafu. Inafukuza maji kwa muda, sikatai. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi na uchafu wa moto, inalainisha bushi na mipira, inanasa vumbi, na inadondoka ardhini palepale tunapochota maji ya kisima. Sikuitumia. Kutu ya juujuu iliyobaki tuliisugua kwa brashi ya waya, tukapaka dawa yenye asidi ya fosfori inayoigeuza kuwa nyeusi ngumu, kisha praima, rangi ya chini ya kukinga bati, mara mbili. Dawa hiyo ni ya kutu ya juu tu, bati lililooza haiwezi kulirudisha. Ndani ya maboksi tulipulizia nta ya majimaji kwa mpira mwembamba mrefu mpaka ikatokeza kwenye matundu ya chini, tukahakikisha matundu yanabaki wazi. Na rangi ya mwisho niliomba iwe kijivu cheupe. Mzee alishangaa, nikamwambia nataka kutu ikianza niione.

Sinki sasa linamwaga kwenye dumu la lita 10 linalotolewa kwa mkono. Makabati yameshikwa kwa bolti sita tu, kila tundu limepakwa praima na kuzibwa kwa silikoni.

Tukirudi kutoka Kimbiji naosha chini siku hiyohiyo. Hapa nako nilikuwa nakosea miaka yote: nilikuwa naosha kwa maji ya kisima chetu, na visima vingi vya Kigamboni maji yake yana chumvi. Unaonja ulimini kabisa. Nilikuwa naondoa tope na kuacha chumvi. Sasa natumia maji matamu, madumu manne yanatosha, nayaelekeza zaidi kwenye mikunjo na nyuma ya matairi kuliko kwenye milango inayoonekana. Na nyundo ndogo inakaa chini ya kiti cha dereva.

Masika ya 2025 yalipoisha nilirudi Tandika, nikaomba shimo kwa nusu saa. Mzee akanipa tochi, akaniambia nigonge mwenyewe. Nikagonga kutoka mbele mpaka nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Chini ya mlango nikagonga mara tano. Ngi. Karibu na tairi la nyuma niliona tone la maji limening'inia kwenye rangi ya kijivu, nikalifuata kwa tochi mpaka kwenye kibano cha mpira wa tangi, kimelegea robo mzunguko. Nikakikaza kwa bisibisi ileile.